Barabara ya Kwanza

Mkufunzi alichora ngazi ubaoni, vipandio vinane:
mtoto mchanga chini kabisa, anajifunza kuamini
kwamba titi lililoondoka litarudi;
mtu mzima juu, anafunga hesabu zake kama mwenye duka
usiku wa kuamkia Ramadhani.
Chaki ikakatika kwenye kipandio cha tano,
pale kijana anapojiuliza yeye ni nani.
Tukacheka darasa zima,
hatukujua kwamba ndipo tuliposimama.

Mimi sikukulia kwenye ngazi. Nimekulia Ngamiani,
barabara zina namba, ya Kwanza, ya Pili, hadi unachoka,
na mtoto akitumwa chumvi kutoka ya Tisa kwenda ya Kumi na Nne
hunaswa na gololi ya Kumi na Moja,
hurudi ya Tisa kuuliza alitumwa nini,
huondoka tena mbio, akiipita ya Kumi na Moja amefumba macho.
Hakuna aliyewahi kuiita hiyo nadharia.

Sekibaha, kitanda cha sita,
ana miaka hamsini na nane kwa mujibu wa faili.
Kwa mujibu wa kikombe ana miezi minane.
Hanywi chai mpaka ninywe mimi,
funda moja, nimeze, niachame aone ulimi,
ndipo anyooshe mkono,
mkono uliosokota kamba za mkonge miaka ishirini na saba
na bado unasokota: pindo la shuka, utepe wa chandarua.
Faili linasema: mama aliondoka kwenda kukata mkonge,
mgonjwa akiwa bado ananyonya.
Mstari mmoja. Umeandikwa kwa kalamu inayoishiwa wino.

Kitabu kingine kinasema nafsi ni nyumba ya wapangaji watatu:
mmoja anataka pilau sasa hivi na anapiga ukuta,
mmoja ana fimbo na sauti ya baba,
na wa katikati, maskini, ndiye analipa umeme.
Nilikipenda. Nikamsomea Sista Mwanakombo saa nane za usiku,
akihesabu vidonge.
Akasema, "Wangu wote watatu wana usingizi."
Kisha, bila kuinua macho:
"Usimwahidi kesho kama kesho huna zamu."

Nilikuwa nimeshamwahidi.

Kesho ile nililala Mabawa kwa dada, nikasukwa nywele,
nikakariri: kuamini dhidi ya kutoamini,
alama tano.
Wodini chai ilipoa. Asubuhi, jioni, asubuhi.
Wauguzi watatu walikunywa mbele yake, wakaachama,
naye akageukia ukuta na pindo lake la shuka.

Niliporudi niliegesha baiskeli nikijua,
maana mlinzi hakunitania.
Nikabeba kikombe. Nikanywa. Nikaachama
kama mtoto kwa daktari wa meno.
Sekibaha akautazama ulimi wangu muda mrefu
kama anayesoma barua ya deni,
akasema, baada ya wiki saba bila neno,
"Ulikuwa wapi?"

Nilitaka kusema mtihani. Nilitaka kusema nywele.
Nikasema, "Sikuwepo."
Akachukua kikombe. Hakunywa. Alikishika tu
kwa viganja viwili mpaka kikapoa,
lakini alikishika.

Kwenye daftari la zamu Sista aliandika: Ameuliza.
Akapigia mstari.

Mtihani ni Jumatatu.
Nimemwambia Jumanne, saa moja asubuhi,
nimemhesabia kwa vidole, kulala mara tatu.
Sikusema kesho.
Usiku huu naandika jibu la alama tano, nalifuta,
naandika tena,
na kila nikifumba macho nipo naye Barabara ya Kwanza,
alfajiri, tumeshika senti zetu,
na duka la chumvi bado halijafunguliwa.